Kununua, Kulipa, Kuchangia: Historia ya Bei ya Maji kutoka Mwambao hadi Hombo

1. Swali na tafsiri yake

Tangu miaka ya 1980 limeenea katika Afrika ya Mashariki, na baadaye katika Kongo, swali moja ambalo watafiti wa mambo ya maji humwuliza mkuu wa kaya: yuko tayari kulipa kiasi gani ili apate maji bora? Jibu huandikwa katika fomu, majibu hujumlishwa, na kutokana na jumla hiyo hupangwa bei ya maji, ukubwa wa tangi, hata uamuzi wa kujenga au kutojenga. Wanauchumi wamelijadili sana swali hili kwa upande wa hesabu. Wanaisimu hawajalishughulikia ipasavyo, ingawa swali huwa ni sentensi kabla ya kuwa takwimu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba watu wa nchi zetu hawakuanza jana kulipia maji. Wamelipa muda wote, kwa miguu, kwa shingo na kwa sarafu. Pale walipokataa kulipa, mara nyingi hawakuikataa bei. Waliikataa namna ya malipo na mkono uliopokea. Lugha ya Kiswahili imehifadhi tofauti hizo katika vitenzi vyake, na mtafiti asiyevitenga vitenzi hivyo hukusanya majibu ya maswali ambayo hakuyauliza.

Tuanze na Hombo, kwa kuwa mahali hapo hulipima swali hili vizuri kuliko mji mkubwa. Hombo ni kituo cha barabarani kwenye njia kuu itokayo Bukavu, ikipita Bunyakiri, kuelekea Walikale, Lubutu na Kisangani. Mto wenye jina hilo hilo ndio mpaka: ng'ambo ya kaskazini ni Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, na ng'ambo ya kusini ni Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mpaka huo ulipata uzito wa kimkoa mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa mikoa mitatu, wa tatu ukiwa Maniema. Ni nchi ya msitu na mvua nyingi, nchi ya Watembo na Wanyanga, ambamo Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara. Mahali kama hapa mtu hawezi kusema kwamba maji ni adimu. Mto wapita chini ya daraja. Kilicho adimu ni maji safi, tena yaliyo karibu na jiko. Kwa hiyo anayeulizwa atalipa kiasi gani "kwa maji" ana haki ya kushangaa, maana maji yenyewe yapo. Anachoweza kukilipia ni usafi, au ukaribu, au kazi ya mwingine, au uhakika wa kesho. Swali limevikusanya vyote hivyo katika neno moja.

Hapo hapo pana mtego wa pili, nao ni wa msamiati. Kiswahili cha Kongo ya mashariki, ambacho zamani kiliitwa Kingwana, kilifika bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, kupitia Nyangwe na Kasongo, kikaendelea kukua mbali na mwambao. Katika Kiswahili hicho kitenzi *kuuza* hutumika kwa maana ya kununua, na anayetoa bidhaa huwa *anauzisha*. Si upotovu, kama wasemavyo baadhi ya walimu wa sarufi. Kiswahili sanifu chenyewe kina jozi kama *kukopa* na *kukopesha*, ambamo shina tupu ni la mwenye kupokea na kiambishi cha usababishi ni cha mwenye kutoa. Twaweza kudhani kwamba Kingwana kimeileta jozi ya *kuuza* na *kuuzisha* katika safu hiyo hiyo. Hata hivyo, matokeo yake kwa mtafiti ni makubwa. Fomu iliyotungwa Dar es Salaam au Nairobi, yenye swali "Je, kaya yako huuza maji?", ikisomwa Goma, Bukavu au Hombo, itajibiwa "ndiyo" na mama anayenunua bidoni mbili kila asubuhi, naye ataandikwa katika orodha ya wachuuzi. Tena neno *kaya* si la matumizi ya kila siku huko. Watu husema *nyumba* au *jamaa*, na jamaa yaweza kuzidi mno wale wanaokula chungu kimoja.

Hata sentensi "Uko tayari kulipa?" haina usafi unaodhaniwa. Katika mazungumzo ya kawaida, popote Kiswahili kisemwapo, hiyo ni sentensi ya mwenye kudai. Husemwa mlangoni, na anayeambiwa hujua kwamba deni limekwisha kuwapo. Mtafiti anataka kujua ridhaa ya mtu. Msikilizaji anasikia dai.

2. Kisima cha wakfu na maji ya chomboni

Katika miji ya mwambao, maji yalikuwa na hadhi ya sadaka kabla ya kuwa bidhaa. Misikiti ilikuwa na visima na mabirika, na kuchimba kisima kwa ajili ya wapita njia kulihesabiwa kuwa thawabu isiyokatika. Hadithi mashuhuri ya Mtume yawafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu, yaani maji, malisho na moto. Lakini mafakihi hawakuishia hapo. Walitenga maji yaliyo mahali pake, ambayo ni ya wote, na maji yaliyokwisha kutiwa chomboni, ambayo yamekuwa mali ya aliyeyateka, naye aruhusiwa kuyauza. Mtengo huu ni wa maana sana kwa makala haya. Unaeleza kwa nini mji mmoja uliweza kuona aibu kukifungia kisima kufuli, na papo hapo usione aibu yoyote kumlipa mchukuzi aletaye mtungi hadi ukumbini. Anayelipwa hulipwa kwa bega lake, wala haulizwi kisima ni cha nani.

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888 na kuzuru Uingereza mwaka 1875, aliifuata desturi hiyo kwa kipimo kipya. Alivuta maji kutoka chemchemi za Bububu, kaskazini mwa mji, hadi Mji Mkongwe, na wakazi wakayapata bila malipo. Kwa mtazamo wa mhandisi ulikuwa ni mfereji na mabomba; kwa mtazamo wa raia ulikuwa ni ukarimu wa mtawala, wa aina ile ile ya kisima cha wakfu. Historia ya baadaye ya Zanzibar haieleweki bila jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yaliendelea kuhesabiwa kuwa haki itolewayo na dola bila bei. Ni kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2006 tu ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Maji ya Zanzibar yenye jukumu la kutoza. Wale walioshangazwa na unyonge wa makusanyo ya miaka ya mwanzo hawakulipa uzito wa kutosha zoea lililopita miaka mia: watu waliombwa walipe kitu ambacho watawala wa kila rangi walikuwa wamewapa kama zawadi.

Dhana ya maji kuwa zawadi ina upande wake wa giza. Kinachotolewa kwa ukarimu hakidaiwi. Bomba likikauka, mpokeaji zawadi hana stakabadhi ya kuonyesha.

3. Maji bure na mabomba makavu

Tanzania Bara iliifanya zawadi hiyo kuwa mpango. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, ikakusudia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Wanavijiji hawakutozwa. Nia ilikuwa njema na kazi iliyofanyika haikuwa ndogo, lakini mashine za mafuta huhitaji mafuta, na baada ya matatizo ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 vituo vingi vikabaki mabomba bila maji. Ilipofika 1991 ilitolewa Sera ya Maji iliyoleta neno ambalo ni la kipekee katika historia yetu: *kuchangia*. Wananchi hawakuambiwa walipe wala wanunue. Waliambiwa wachangie gharama, na Sera ya Maji ya 2002 ikalikazia jambo hilo.

Yafaa tulitazame neno hili kwa makini. Mchango ni wa arusi, wa msiba, wa shule, wa harambee. Mwenye kuchanga ni mmojawapo wa wenye shughuli. Ana sauti katika kikao, ana haki ya kusomewa hesabu, na anaweza kusamehewa akiwa hana. Mwenye kununua hana sauti katika kikao cha muuzaji, lakini anaweza kuondoka na fedha zake. Mwenye kulipa kodi hana hiki wala kile. Neno *kuchangia* lilichaguliwa kwa sababu ni laini sikioni, na hatuna budi kukiri kwamba mara nyingi lilitumiwa kuficha bei. Lakini wananchi walilichukua kwa maana yake kamili. Walipoona wanachanga bila kusomewa hesabu, waliacha kuchanga, kama ambavyo wangeacha kuchangia arusi ambayo bwana arusi hajulikani.

Mjini Dar es Salaam njia ilikuwa tofauti. Mwaka 2003 shughuli za kugawa maji zilikabidhiwa kampuni ya City Water, na mwezi wa Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Kisa hicho kimeandikwa sana, nami sina haja ya kukirudia. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba katika miaka hiyo yote wakazi wa pembezoni waliendelea kununua madumu kwenye mikokoteni, kwa bei iliyozidi sana ile ya bomba, na hakuna aliyewaita wasiotaka kulipa.

4. Walivyopimwa watekaji maji

Watatu waliotangulia kuipima kwa utaratibu gharama ya maji katika nyumba za Afrika ya Mashariki ni Gilbert White, David Bradley na Anne White. Utafiti wao, uliofanywa katika miaka ya 1960 kwenye vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 1972, haukuanza na swali la ridhaa. Ulianza na mtungi: una lita ngapi, umebebwa umbali gani, kwa dakika ngapi, na mwili wa mbebaji umetumia nguvu kiasi gani. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba nyumba isiyotoa hata senti moja ilikuwa ikilipa kwa chakula alichokula mbebaji na kwa saa alizozipoteza.

Vituo hivyo hivyo vilirudiwa karibu miaka thelathini baadaye, na miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwamo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Katika nyumba zenye bomba, matumizi ya maji yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku hadi lita 66. Katika nyumba zisizo na bomba yalikuwa yamepanda kutoka lita 11 hadi 20, lakini muda wa kuyatafuta ulikuwa umeongezeka kutoka dakika 28 kwa siku hadi dakika 92. Yaani bei iliyolipwa kwa miguu ilikuwa imezidi mara tatu, katika kipindi kile kile ambacho vikao vilijadili kama watu wako tayari kulipa.

Njia ya kuuliza badala ya kupima ilishika nguvu katika miaka ya 1980, hasa kwa kazi za Dale Whittington na wenzake. Ukunda, kusini mwa Mombasa, walikuta soko kamili la maji: vibanda vya kuuzia, visima, na wachuuzi wenye mikokoteni iliyopakiwa madumu ya lita 20. Mwenye nyumba aliweza kuchagua: aende mwenyewe kisimani kwa kulipa muda, aende kibandani kwa kulipa muda kidogo na fedha kidogo, au aletewe mlangoni kwa fedha nyingi. Kutokana na uchaguzi huo watafiti waliweza kukadiria thamani ya muda, nao wakaona kwamba kwa wanaotegemea wachuuzi na vibanda ilikaribia ujira wa kibarua asiye na ufundi. Gharama ya maji ilifika hadi karibu asilimia 9 ya mapato ya nyumba. Mahali hapa maskini hawakuhitaji kuulizwa kama wangelipa. Walikuwa wakilipa, tena zaidi ya matajiri wenye mabomba ya Mombasa.

Kazi nyingine ya kundi hilo, iliyofanyika Nsukka, Nigeria, na kuchapishwa 1990, ndiyo inayonisaidia zaidi kuielewa Kivu. Huko wenye nyumba waliikataa ada ya kila mwezi, lakini walikubali kununua kwa ndoo. Sababu walizozitoa zilikuwa wazi: hawakutaka kulipa kabla ya kupata, wala kufungwa na malipo katika mwezi ambao mvua imenyesha na paa limejaza pipa, na hawakuiamini serikali kwamba ingeyaleta maji baada ya kuzipokea fedha. Tukiyaweka majibu hayo katika Kiswahili tunapata sentensi fupi: tutanunua, hatutalipa. Mwanauchumi huandika kwamba utayari upo katika njia moja na haupo katika njia nyingine. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo, kwa kuwa vitenzi vyenyewe vimekwisha kutenganisha.

Katika wilaya ya Newala pia, juu ya uwanda wa Wamakonde usio na mto, Whittington na Mujwahuzi waliuliza swali hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mahali hapo pana historia ndefu ya kulipia maji kwa miguu. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde kuhusu mtu wa kwanza na mke wake: watoto wao waliozaliwa karibu na maji walikufa, na aliyezaliwa juu kwenye nchi kavu ndiye aliyeishi, kwa hiyo wazee wakausia kukaa mbali na mabonde. Ni mara chache kuikuta jamii iliyofikiri waziwazi hivyo juu ya bei ya afya, ikachagua kuilipa kwa mwendo wa kila siku wa wanawake wake.

5. Kivu: robine, bidoni, chukudu

Katika Kongo ya Wabelgiji, shirika la ugawaji wa maji na umeme, Regideso, liliundwa tarehe 30 Desemba 1939. Jina lake limepata bahati ambayo mashirika machache huipata: limekuwa nomino ya kawaida. Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu, "maji ya Rejideso" maana yake ni maji ya bomba, yawe yametoka wapi. Mfereji mwenyewe huitwa *robine*, chombo ni *bidoni*, hati ya madai ni *fakitire*. Maneno ya bomba na ya ofisi ni ya Kifaransa. Maneno ya kubeba na ya kunywa yamebaki ya Kibantu. Mgawanyo huo wa msamiati ni ushahidi wa historia kama ulivyo waraka wowote wa kumbukumbu.

Fakitire ni karatasi ya mwisho wa mwezi, nayo inadhani kwamba fedha ya mwanzo wa mwezi na ya mwisho wake ni moja. Nchini Zaire dhana hiyo ilivunjika. Kutoka 1990 bei zilipanda, na katika miaka ya 1993 na 1994 mfumuko ulifikia maelfu ya asilimia kwa mwaka. Zaire mpya iliyotolewa Oktoba 1993 haikuuzuia. Katika hali hiyo shirika linalodai baada ya siku thelathini hupokea makaratasi, ilhali kijana mwenye bidoni hubadili bei yake kila asubuhi. Bei ya rejareja ilishinda kwa sababu ilikuwa ndiyo pekee iliyoweza kuishi. Tuongeze hapa jambo ambalo mijadala ya utayari wa kulipa hulipita haraka mno: kwa miongo kadhaa mdaiwa sugu wa Regideso alikuwa ni dola lenyewe, yaani ofisi zake, kambi zake na taasisi zake, zilizotumia maji bila kulipa ankara. Mwenye nyumba wa Kadutu aliyekatiwa robine kwa deni la miezi miwili alikijua kisa hicho. Hakuna fomu iliyomwuliza anakionaje.

Hesabu ya bidoni ni rahisi, nayo yafaa ifanywe mara moja mbele ya wanafunzi wetu. Meta moja ya ujazo ni bidoni hamsini za lita 20. Tuchukue kwa mfano tu kwamba bidoni ni franki 100. Basi meta ya ujazo ni franki 5.000. Anayenunua kwa bidoni haioni jumla hiyo, kwa kuwa hatoi ila franki 100, lakini ndiyo anayoilipa.

Goma ndiyo shule ya masomo haya. Mji umejengwa juu ya miamba ya volkeno inayonywa mvua kama kitambaa. Kuna ziwa, hakuna mto. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka, kipindupindu kiliwakuta kwenye mwamba ambao hauchimbiki choo wala kaburi, na katika mwezi wa kwanza wa msiba huo walikufa wapatao 50.000 kwa kipindupindu na maradhi mengine ya kuhara. Maji ya ziwa yalisafishwa na kugawiwa kwa malori na mashirika ya msaada, bila bei. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaupasua mtandao wa mabomba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, ukaharibu miundombinu ya maji ya upande wa kaskazini, na mamia ya maelfu wakakosa maji. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikasimama. Watu wakateremka ziwani na bidoni. Katika nyakati zote hizo aliyefanya maji yafike vilimani alikuwa mbebaji: mama mwenye bidoni mgongoni, mtoto, na mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao kwao hauhitaji sifa zangu. Mtu aliyepitia haya anajua maji kwa majina matatu: ya msaada, yasiyo na bei, ya Rejideso, yenye bei ndogo lakini hayaji, na ya bidoni, yenye bei kubwa na yapo. Akiulizwa kuhusu "maji bora" atataka kwanza kujua ni lipi kati ya hayo matatu.

Vijijini, njia ya Hombo ikiwa mfano, malipo yalichukua sura nyingine. Chemchemi hujengewa ukuta na bomba fupi, na wenyeji hutoa mawe, mchanga na siku za kazi. Wazee wanaikumbuka *salongo* ya enzi ya Mobutu, kazi ya umma ya lazima ya kila juma, ambayo jina lake lililetwa na Kilingala. Kwa wengi neno hilo bado lina harufu ya amri. Lakini kazi ya chemchemi imejisimamia kwa neno lingine, *kotizasyo*, yaani mchango wa kamati kwa ajili ya saruji na bomba la kubadilisha. Mtu yule yule aliyekimbia salongo hutoa kotizasyo, iwapo mshika fedha ni jirani yake na chemchemi iko mahali anapoiona akipita. Vita viliuharibu utaratibu huo mara nyingi. Mapigano yaliyoanzia Walikale mwaka 1993 yakaenea Masisi, na mwishoni mwa 1996 wakimbizi waliotawanywa kutoka kambi za Bukavu walipita barabara hii ya Hombo kuelekea Walikale na Tingi-Tingi. Kamati haiwezi kukusanya kotizasyo katika kijiji kilichohamia msituni.

Sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imefungua mlango kwa wahudumu wengine mbali na Regideso, na kuipa mikoa nafasi kubwa zaidi. Kwa Hombo maana yake ni kwamba mto mmoja una mikoa miwili juu yake. Anayetaka kuweka robine kaskazini atazungumza na Goma. Akitaka kuiweka kusini, hatua mia mbele, atazungumza na Bukavu. Wauza bidhaa wa sokoni huvuka daraja bila kufikiri. Bei ya maji haitavuka kwa wepesi huo, na ni ajabu kwamba jambo hili halimo katika fomu yoyote ya utayari niliyowahi kuisoma.

6. Nani aulizwe

Limebaki suala ambalo nimeliacha makusudi hadi hapa. Fomu humtaka mkuu wa kaya. Katika Kivu, kama katika sehemu nyingi, mtafiti abishaye hodi hukaribishwa na baba, hupewa kiti, na baba ndiye anayejibu. Baba hujibu kwa fedha, kwa kuwa fedha ndiyo anayoishika. Mama na mabinti, ambao kwa muda wote huo wamelipa kwa shingo na kwa dakika 92 za siku, wako njiani na bidoni, au wako jikoni na hawaitwi. Swali la bei huelekezwa kwa yule ambaye kwake maji ya mtoni ni bure kweli kweli, kwa kuwa hajawahi kuyabeba. Akisema hatalipa, hasemi uongo.

Si shida kubwa kuurekebisha utaratibu huu, ila unahitaji Kiswahili chenye uangalifu na siku zaidi za kazi. Mtafiti aseme *kununua* anapotaka kujua mambo ya bidoni, na *kuchanga* anapotaka kujua mambo ya kamati. Katika Kivu aseme *kuuza* na *kuuzisha* kama wenyeji wasemavyo, bila kuwasahihisha. Ataje mkono utakaopokea fedha, na siku ya kusoma hesabu, na itakayotendeka robine ikivunjika. Na amsubiri mbebaji arudi. Watafiti wale wa miaka ya 1960 walikuwa na saa ya kupimia mwendo na mizani ya kupimia mtungi, wakafuatana na watekaji hadi kisimani na kurudi nao. Katika vituo vile 34 bei ya maji iliandikwa kwa dakika na kwa uzito, kabla mtu yeyote hajamwuliza mwenye nyumba angetoa shilingi ngapi.